MIAKA 34 YA MBARAKA MWINSHEHE



Ndugu zangu, leo tukumbushane habari ya mtu ambaye karibu nyote mmemsikia redioni: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa wa Morogoro. Mnazijua nyimbo zake. Umri wake mmewahi kuuhesabu?

Alizaliwa 1944. Katikati ya miaka ya 1960 akajiunga na Morogoro Jazz, akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji. Mwaka 1970 alikwenda na bendi hiyo hadi Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Januari 1979 akapata ajali ya gari Mombasa, akafariki. Miaka 34 tu!

Kabla yake, mji huohuo wa Morogoro ulikuwa na Salum Abdallah wa Cuban Marimba. Naye alifariki kwa ajali ya gari, mwaka 1965, hajafika hata miaka 40.

Kila nikiwataja watu hawa, kuna wanaouliza: "Sheikh, wako wapi sasa?" Ndugu yangu, hukumu ya muziki wanazuoni wameieleza, na darasa lake lipo. Lakini kuhukumu kitendo ni jambo moja, kumhukumu maiti ni jingine. Mtume wetu (s.a.w.) ametukataza kuwatukana waliokufa. Wao wako mbele ya Mola wao, na rehema Zake hazigawiwi na mimi wala wewe.

Swali la maana linakuhusu wewe uliye hai. Mbaraka alifanya kazi kama miaka 14 hivi, na sauti yake imeishi zaidi ya miaka 40 baada yake, kuliko umri wake mwenyewe. Katika Surat Yaasin tunafundishwa kwamba huandikwa tuliyoyatenda na pia athari tunazoziacha. Basi wewe, ukiondoka leo, nyuma yako kutasikika nini? Mtoto uliyemfundisha Qur'ani? Kisima ulichochimba? Au sauti uliyorekodi kwenye simu ukimsengenya jirani, na bado inazunguka kwenye magrupu?

Na nyinyi vijana wa bodaboda hapa Miteja, barabara kuu ya Lindi inapita mlangoni petu. Msiseme "ajali ni kadari" huku mmebeba watu watatu, usiku, bila taa wala kofia ngumu. Aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Kofia yako ndiyo kamba ya ngamia wako.

Kabla hujalala leo, andika wasia wako. Taja madeni unayodaiwa na amana za watu ulizonazo. Usiseme bado kijana.

Allah awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuache nyuma yetu yenye kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.