Uzito wa Maneno Katika Historia ya Isiolo

Msomaji, ukiulizwa utaje maneno ya Kiingereza yanayotia watu hofu, hapana shaka utaanza na yale ya vita, njaa, maradhi na mauti. Lakini historia ya Isiolo yatufundisha jambo jingine. Maneno yaliyowakatisha tamaa watu wa huko yalikuwa maneno matulivu, yaliyopigwa chapa katika karatasi za serikali, ambayo mtu akiyasikia mara ya kwanza haoni ubaya wowote ndani yake. Natuyatazame manne kati ya hayo.

La kwanza ni "quarantine", ambalo sisi tumelifanya karantini. Asili yake ni Kiitaliano, nayo maana yake ni siku arobaini. Maana zamani mji wa Venice ulizizuia merikebu kwa muda huo kwa kuogopa tauni. Sasa Isiolo ni lango la kaskazini mwa Kenya. Njia itokayo Moyale na Marsabit, na ile itokayo Wajir, hukutana hapo kabla ya kupanda kuelekea Meru na Nanyuki. Katika lango hilo wakoloni waliweka kituo cha karantini, ng'ombe wa wafugaji wakazuiliwa wasije wakawaambukiza ng'ombe wa walowezi homa ya mapafu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na kujikinga si kosa. Lakini siku za Venice zilihesabika. Mfugaji wa kaskazini alifungiwa soko na kufunguliwa kwa amri ya mtu mwingine, wala hakuulizwa neno.

La pili ni "special", yaani maalumu. Twalizoea kama sifa njema: mgeni maalumu, siku maalumu. Tangu mwaka 1902 palikuwa na sheria ya kuzifunga wilaya za pembezoni, mtu asiingie wala asitoke bila pasi. Mwaka 1934 ikatungwa sheria nyingine, iliyoziita wilaya hizo maalumu. Je, zilipewa shule na hospitali zaidi ya nyingine? La. Umaalumu wake ulikuwa huu: wakuu waliweza kukamata watu wa kabila lililodhaniwa kuwa adui, na kutwaa mifugo yao, ingawa kosa lilitendwa na wachache. Basi si ajabu kwamba watu wa kaskazini, walipofunga safari ya Nairobi, walizoea kusema kwamba wanakwenda Kenya.

La tatu ni "emergency", tuliloliita hali ya hatari. Mwaka 1962 tume ilitumwa kusikiliza maoni ya watu wa kaskazini, na wengi walitaka kujiunga na Somalia. Wengine walitaka kubaki Kenya. Miongoni mwa hao alikuwa Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Tarehe 28 Juni 1963, yeye na Chifu Haji Galma Dida walipigwa risasi njiani wakafa. Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikwisha kutangazwa huko kaskazini-mashariki. Waasi waliitwa shifta, neno la Kiamhara lenye maana ya mnyang'anyi, na jina hilo likabandikwa hata kwa mchungaji asiye na silaha ila fimbo yake.

Mwaka 1966 watu wa Isiolo waliamriwa kukusanyika Garba Tula, Merti na Modogashe, katika makazi yaliyoitwa vijiji. Mfugaji huishi kwa kuhama kufuata majani na maji. Mifugo iliyozuiliwa mahali pamoja iliyamaliza malisho, ikakonda, ikafa. Ngamia waliuawa kwa madai kwamba waliwabebea waasi mizigo. Waliokuwa na makundi makubwa wakabaki kungojea posho.

Wala Waborana hawakuuita wakati huo hali ya hatari. Waliuita Gaf Daba, maana yake wakati wa kusimamishwa. Litazame jina hilo, msomaji. Neno la Kiingereza latokana na Kilatini, nalo lamaanisha kuibuka, kama jambo lizukalo ghafla na kupita. Lakini vita vilikwisha baada ya mapatano ya Arusha ya mwaka 1967, na sheria zake ziliendelea kuishika Isiolo hadi mwaka 1991. Ni jina lipi lililosema kweli?

La nne ni "indemnity". Mwanafunzi akilitafuta katika kamusi atapata fidia, naye atafurahi, akidhani kwamba Sheria ya 1970 yenye jina hilo iliwalipa watu ngamia wao. Mambo yalikuwa kinyume. Kwa Kilatini neno hili lina maana ya kutopatwa na hasara, na ambao hawakupatwa na hasara ni watumishi wa serikali. Sheria iliwazuia watu kuwashtaki kwa yaliyotendwa kaskazini kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, madhali yalitendwa kwa nia njema au kwa manufaa ya umma. Mjane aliyejua mahali mumewe alipouawa hakuwa na mlango wa kubisha.

Maneno hayo yangalimo katika sheria zetu, ila sasa yametiwa hatamu. Kifungu cha 58 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba hali ya hatari haidumu zaidi ya siku 14 bila idhini ya Bunge, na kwamba haiwezi kutumiwa kumkinga mtu aliyevunja sheria. Walioandika hayo walijua jinsi neno moja liwezavyo kukaa juu ya watu kwa miaka.

Nawe, msomaji, unajifunza Kiingereza, na huenda kesho ukawa karani au hakimu. Utakapotia sahihi karatasi yenye neno tulivu, usitosheke na maana iliyo katika kamusi. Muulize mtu litakayemwangukia analiitaje kwa lugha ya mama yake.