Ujari: Kamba ya Usukani katika Ziwa Tanganyika

Wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Mabaharia wangeweza kuongeza kwamba usukani nao, ukikosa ujari, ni ubao tu unaoning'inia tezini. Ujari, kwa wingi njari, ni kamba ya kuongozea usukani: moja kulia na moja kushoto, zikipita katika kapi hadi mkononi mwa msukani. Historia imewasifu manahodha na kuihesabu mizinga. Kamba hizi imezipita kimya.

Sumbawanga imekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika li chini yake kwa karibu mita elfu moja. Wafipa walisifika kwa kazi za nchi kavu: waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, na wakafuma nguo za pamba. Ziwani palitawala mtumbwi wa gogo, usiohitaji usukani, kwani kafi la mtu wa nyuma ndilo lililouongoza. Usukani wa kutundikwa ulifika pamoja na watu wa pwani na Waarabu wa Omani waliofuata pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alivuka kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge ili akodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Akarudi mikono mitupu. Vyombo vya namna hiyo vilikuwa adimu, na usukani uliotii mkono ulitii vilevile mkono wa dhuluma.

Ujari huliwa polepole. Nyuzi zake huanza kukatika pale unapopita katika kapi na pale unapokwaruza ubavu wa chombo, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Kwa hiyo fundi mwangalifu hangoji ukatike. Chombo kikiwa kimetia nanga, hutoa kamba moja kwanza, akaiacha ya pili ishike usukani. Huipima mpya kwa ile kuukuu, akiacha ziada ya mafundo. Kisha hubadilisha na ya pili, hata ikiwa bado nzima, kwa sababu kamba mpya na kuukuu hazivutiki sawasawa, na chombo huelemea upande mmoja. Baada ya safari ya kwanza kamba hulegea, nazo hukazwa upya. Kayaki za siku hizi, zinazoongozwa kwa miguu, zina kamba mbili za namna hiyo, na kanuni yake ni ileile.

Uzito wa jambo hili ulionekana Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Mwezi Juni 1916 mashua za Kiingereza chini ya Spicer-Simson, zikiwemo mbili zilizokokotwa nchi kavu kupitia Kongo mwaka uliotangulia, zilifika mbele ya ngome hiyo. Kamanda aliiogopa mizinga iliyoonekana ukutani, akarudi nyuma hadi Kituta. Wajerumani wakapata mwanya wa kutoroka kwa majahazi, na Luteni Kanali Murray, aliyeongoza jeshi la nchi kavu, akakasirika sana. Ngome ilipotwaliwa, mizinga ile ilibainika kuwa ya miti.

Mizinga ya bandia ilimzuia adui. Majahazi ya kweli ndiyo yaliyowaokoa watu. Lakini jahazi lisilogeuka kwa wakati lingewarudisha ufukweni mikononi mwa waliokuwa wakiwasaka. Meli Graf von Götzen, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 na kurejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, imeandikiwa vitabu. Majahazi ya Kasanga hayatajwi hata kwa majina, sembuse waliokaa tezini. Na bado ndivyo mambo makubwa yanavyosimama: juu ya vitu vidogo ambavyo mtu fulani, jana yake, alikumbuka kuvitazama. Ujari haukatiki ghafla, ila machoni pa asiyeutazama.