Hoho Ilipokuwa Ikiwasha

Katika kundi letu la washairi kulizuka ubishi uliodumu siku tatu. Kijana mmoja wa Kahama alitunga shairi la kumkebehi mtu mwenye umbo kubwa na majigambo mengi, ambaye hata kuku hamwogopi, akamfananisha na pilipili hoho. Mzee mmoja wa Tanga akamrudi kwa upole: "Mwanangu, hoho ipi hiyo isiyowasha? Sisi bibi alitupaka hoho midomoni tulipotukana." Kijana akajibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Hoho ya huku kwetu twaitafuna mbichi kwenye kachumbari." Wengine wakaingia kati, na mmoja akashauri ubeti ule ufutwe. Ubeti mzuri ulikaribia kutupwa kwa sababu ya neno ambalo wote wawili walilijua barabara.

Mimi naishi Isaka, mji wa reli katika Wilaya ya Kahama, na nyuma ya nyumba yangu zimo pilipili za aina nne. Napenda kuonyesha kwamba mzee na kijana wote wana haki, na kwamba jina la pilipili katika Kiswahili limenyang'anywa wenyewe mara mbili.

Neno pilipili chimbuko lake ni India. Kisanskriti kina pippali, jina la pilipili ndefu ya huko. Waajemi wakawa na pilpil, Waarabu filfil, Warumi piper. Kiarabu hakina sauti ya p, na lau tungelipokea neno hili kwa Waarabu peke yao, leo tungekuwa tukisema filifili. Hizo p zetu mbili ni ushahidi kwamba lilipitia vinywa vya Waajemi au vya Wahindi wenyewe. Nalo lilitaja punje za mmea utambaao wa pwani ya Malabar, zile nyeusi ambazo hutiwa katika pilau.

Kisha mwaka 1492 Columbus akavuka bahari akitafuta, pamoja na mengine, viungo vya Mashariki. Alichokuta ni tunda jekundu liwashalo, lisilo na udugu wowote na mmea wa Malabar, naye akalipa jina la pilipili. Wareno walipita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika karne iliyofuata merikebu zao zikalisambaza tunda hilo la Amerika kando ya Afrika na India. Hapa kwetu mgeni akaketi kwenye kiti cha mwenyeji. Nenda leo sokoni Isaka useme "nipe pilipili". Hakuna mama atakayekupimia punje nyeusi. Mwenyeji alilazimika kuongezewa jina ili atambulike: akawa pilipili manga.

Na jina lenyewe la manga lina kisa chake. Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Omani. Ndiyo maana Waomani waliohamia Unguja waliitwa Wamanga, na ndiyo manga hiyo tuionayo ndani ya komamanga. Zao la India likaitwa la Uarabuni kwa kuwa majahazi ya Uarabuni ndiyo yaliyolileta. Mahindi nayo yalitoka Amerika, nasi tukayapa jina la India. Lugha yetu, naona, haiulizi mtoto kazaliwa wapi. Huuliza kaingilia mlango gani.

Neno nalo halikutulia. Kupitia Msumbiji liliingia katika Kireno likawa piripiri, na Kifaransa cha Kongo kikalichukua likiwa pili-pili. Kutoka Lisbon hadi Kinshasa watu hulitamka bila kujua wamelikopa kwa nani.

Sasa tuje kwenye hoho. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuwa Unguja, alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha huko. Humo pilipili manga ni ile nyeusi ya kawaida, na pilipili hoho ni ile nyekundu, ambayo kwa Kiingereza cha zama zake ilimaanisha ile kali ya kuunguza ulimi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado yaielewa hoho hivyo hivyo. Kwa hiyo mzee wa Tanga hakupotoka hata kidogo. Hoho ya bibi yake ndiyo hoho ya Steere.

Kilichobadilika ni shamba. Pilipili kubwa isiyo na ukali, yenye umbo la kengele, ilifika kwetu kwa njia ya mbegu za dukani. Aina mashuhuri kuliko zote, California Wonder, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1928, na pakiti zake zingali katika maduka yetu ya pembejeo. Tunda hili jipya lilihitaji jina. Pwani na Visiwani wengi walilitungia: pilipili mboga, au pilipili boga. Huku bara likavaa jina lililokuwapo, hoho, na hoho ya zamani ikagawanywa kwa majina mengine: pilipili kichaa kwa ile ndogo isimamayo wima juu ya mche, pilipili mbuzi kwa ile ya duara yenye harufu nzito, na pilipili ndefu kwa ile nyembamba ya kukausha. Binafsi naliona jina la pilipili mboga kuwa zuri zaidi, kwa kuwa lasema kazi ya kitu. Lakini hakuna ajuaye dawa ya kurudisha neno lililokwisha kushika njia yake.

Bustani yangu ilinipa ushahidi ambao sikuutarajia kutoka kwa mimea. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni. Hauhifadhi maji, basi naujaza samadi ya ng'ombe iliyooza. Mbegu huzisia katika kitalu kivulini, na baada ya wiki tano au sita miche huhamia kwenye ndoo zilizotoboka na viroba vya unga. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hakuna, hivyo kila asubuhi ni kumwagilia kwenye shina. Pilipili kichaa haitaki taabu hiyo. Ndege hawausikii ukali wake, huila na kuidondosha chini ya mti wowote wanaolala, nayo huota bila kupandwa.

Msimu mmoja nilihifadhi mbegu za hoho iliyokuwa jirani na pilipili ndefu. Watu wengi husema hoho ikikaa karibu na pilipili kali huambukizwa. Tunda lenyewe haliambukizwi. Ni mbegu zilizomo ndani ndizo zinazoweza kuwa zimechavushwa na nyuki kutoka kwa jirani, na kwa kuwa ukali huu hutawaliwa hasa na jeni moja, nao ndio unaoshinda, mtoto huzaliwa mkali. Miche yangu miwili ilizaa matunda manene yenye sura ya hoho. Shangazi aliyekuja kutusalimu akalikata moja kwenye kachumbari, akatafuna, akanyamaza, kisha akaomba maziwa mgando. Alijua afanyalo, kwani kinachowasha katika pilipili hakiyeyuki katika maji ila katika mafuta. Matunda yale ningeweza kumpelekea mzee wa Tanga nikamwambia, hii hapa hoho yenu.

Mavuno ya Julai huanikwa juu ya mkeka mpaka yalie kama makaratasi. Pilipili ndefu hutwangwa kinuni na chumvi. Pilipili mbuzi huchemshwa na maembe mabichi, ndimu na vitunguu saumu, ikawa achari ya kulia wali wa Kahama na sato wa Mwanza. Hoho huingia mwisho katika mchuzi, isije ikapoteza rangi. Upishi wa Kisukuma niujuao mimi haukuwa na pilipili nyingi. Michembe ilitosheka na karanga. Ukali huu uliletwa na njia. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na tangu Isaka iwe bandari kavu, madereva wa malori ya Rwanda hula kwa mama ntilie wetu. Wao pilipili huiita urusenda, na mifukoni huwa na kichupa cha mafuta yake kiitwacho Akabanga, yaani kisiri kidogo. Matone mawili yatosha.

Nawaombea washairi jambo moja kuhusu kitenzi. Wageni wengi husema pilipili ni "moto". Sisi twasema yawasha, kwa kitenzi kile kile cha kuwasha taa na kuwasha jiko, mtoto wa kuwaka. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California waligundua kwamba pilipili huamsha katika neva mlango ule ule unaofunguliwa na joto la kuunguza, na mwaka 2021 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Methali yetu, pilipili iliyo shamba yakuwashiani, ilikuwa imekwisha kukitumia kitenzi mahali pake.

Kwa hiyo ubeti wa kijana na ubakie ulivyo, na tarehe ya kutungwa iandikwe chini yake. Na anayehariri tungo za kabla ya miaka ya 1940, akikuta hoho, asiifanye kachumbari. Ninachokitafuta sasa ni mwongo ambao neno liligeuka. Wasomaji wenye wazazi au mabibi waliozaliwa kabla ya mwaka 1950, hasa wa Tabora, Dodoma na Morogoro, waulizeni: walipotumwa dukani kununua hoho, walirudi na nini?