Bonde la Mto Ruvu: Wajibu wa Pamoja wa Kutunza Vyanzo vya Maji vya Milima ya Uluguru

Mto Ruvu huanzia katika Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, huteremka kupitia Mkoa wa Pwani na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Miongoni mwa mito inayoulisha ni Mgeta, Mfizigo na Ngerengere. Maji yake husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu, yenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, yenye uwezo wa lita milioni 270. Mitambo hiyo miwili ndiyo tegemeo kuu la wakazi wa Dar es Salaam na sehemu ya Mkoa wa Pwani. Kina cha mto kiliposhuka mwishoni mwa mwaka 2022, jiji hilo lililazimika kupata maji kwa mgawo.

Changamoto za bonde

Misitu ya Uluguru hupokea mvua na ukungu, huhifadhi unyevu ardhini na kuuachia mtoni kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Miti ikikatwa na miteremko ikalimwa bila kinga, mvua hukimbia juu ya ardhi na kuondoka na udongo. Matokeo yake ni mafuriko wakati wa masika, mto mwembamba wakati wa kiangazi na tope katika mabwawa. Bwawa la Mindu, linalopokea maji ya Mto Ngerengere na kuhudumia Manispaa ya Morogoro, limepungua kina kwa sababu hiyo. Uchomaji moto, kilimo kandokando ya mito na uchepushaji wa maji bila kibali huongeza ukubwa wa tatizo.

Funzo la historia

Juhudi za kuhifadhi milima hii si ngeni. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na katika maeneo mengi matuta yalifukua udongo usio na rutuba, hivyo mavuno hayakuongezeka. Mwaka 1955 wananchi walipinga kwa nguvu, na mpango huo ukaachwa.

Miongo mitano baadaye, matuta yalirejea milimani kwa njia tofauti. Katika eneo la Kibungo, ndani ya kidakio cha Mto Mfizigo, mashirika ya CARE na WWF yalisimamia mpango ambao watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam, wakiwemo DAWASCO, walichangia malipo kwa wakulima waliokubali kuhifadhi mashamba yao. Wakulima walichimba matuta, wakapanda miti na majani ya kuzuia mmomonyoko. Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili ni kwamba safari hii mkulima aliulizwa kwanza, na jasho lake likathaminiwa.

Majukumu ya kila mdau

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imegawa majukumu. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake Morogoro, hutoa vibali vya kutumia maji na kufuatilia wingi na ubora wake. Jumuiya za Watumia Maji huwakutanisha wakulima, wafugaji na watumiaji wengine wa mto mmoja ili wapange zamu, walinde vyanzo na kusuluhisha migogoro kabla haijakua.

Msitu wenyewe uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kupitia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iliyotangazwa mwaka 2008. Halmashauri na serikali za vijiji husimamia matumizi ya ardhi nje ya hifadhi. Koo za Waluguru nazo zina nafasi ya pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi hurithiwa kupitia ukoo wa mama. Anayelima shamba la ukoo mwingine hawezi kupanda miti ya kudumu bila ridhaa ya wenye ardhi, hivyo mazungumzo na wazee wa koo hutangulia miche.

Wajibu wa mwananchi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Anayetaka kuvuta maji ya mto kwa umwagiliaji au kiwanda anapaswa kuomba kibali cha Bodi ya Bonde, na anayeishi kando ya mto anaweza kujiunga na jumuiya ya watumia maji ya eneo lake.

Ujenzi wa Bwawa la Kidunda, litakalohifadhi takribani mita za ujazo milioni 190, unakusudiwa kuupa Mto Ruvu akiba ya kiangazi. Hata hivyo, bwawa hupokea kile ambacho mlima umeachia. Udongo ukibaki shambani kwa mkulima wa Uluguru, maji yatabaki bwawani kwa mkazi wa Dar es Salaam.