Gari la dukani: kutoka Charlotte hadi Safari Rali

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee magari. Hapa Nyalenda ukipita kwenye gereji za jua kali, utasikia mafundi wakisema gari hili ni la kazi, lile ni la lami tu. Wanajuaje? Tangazo la muuzaji haliwezi kukuambia. Zamani watu walitafuta jibu kwa njia rahisi: chukua gari jinsi lilivyotoka dukani, lishindanishe na mengine.

Marekani, NASCAR ilianzishwa 1948. Tarehe 19 Juni 1949, mjini Charlotte, wakaandaa mbio zao za kwanza za magari yasiyobadilishwa. Glenn Dunnaway akawa wa kwanza na Ford. Wakaguzi wakachungulia chini ya gari na kukuta springi za nyuma zimekazwa, ule ujanja wa wasafirishaji wa pombe haramu waliokuwa wakiwakimbia polisi. Akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper aliyeendesha Lincoln. Mwenye Ford alikwenda mahakamani, akashindwa.

Miaka 4 baadaye wazo kama hilo likazaliwa huku kwetu. Kuanzia Mei 27 hadi Juni 1, 1953, ilifanyika Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yaligawanywa kwa bei yake dukani! Yaani mnunuzi aliweza kuona, kwa pesa alizo nazo, ni gari lipi linavumilia. Mwaka ule hapakuwa hata na mshindi wa jumla.

Tofauti ni kwamba Charlotte walizunguka uwanjani. Kwetu ilikuwa barabara ile ile ya kila siku, na matope na vumbi lake. Mkaguzi alikuwa barabara yenyewe, naye hahongeki. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza tena 7, na mara zote mbili mshindi alikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff.

Na usidhani fedha ndiyo kila kitu. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, si mbali na hapa, alishinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi.

Leo mambo yamebadilika. Magari ya NASCAR yanafanana na ya dukani kwa sura tu. Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, baada ya kutoka 2002, lakini magari ya mbele yanajengwa kwa ajili ya mashindano. Ni mazuri kutazama, ila hayakuambii ununue nini.

Kwa nini mtu wa programu anajali? Kwa sababu niliwahi kuandika programu iliyoruka kama umeme kwenye kompyuta yangu, halafu ikakwama kwenye simu ya bei nafuu ya mama muuza samaki. Nilikuwa nimekaza springi bila kujua. Siku hizi najaribu kwanza kwenye simu kama yake.

Nyumbani kwenu lilisifiwa gari gani? Niandikieni. Tuonane wiki ijayo.