Kisiki cha guka

Kwa shamba la guka kule Nyeri kuna kisiki kikubwa ambacho cucu hukalia akichambua sukuma. Miaka yote nilikuwa nadhani ni kiti tu. Likizo iliyopita ndio nikauliza ulikuwa mti gani. Guka akanijibu, "Huo ulikuwa muiri." Halafu akanipa stori yake.

Miaka ya tisini walikuja wanunuzi wa maganda na lori. Walimpa pesa kidogo, wakauchuna mti wote kuuzunguka, kuanzia chini hadi kwa matawi. Haukupona. Ulikauka umesimama, guka akaukata kuni. Nikamuuliza maganda yalikuwa yanaenda wapi. "Ng'ambo. Dawa ya wazee," akasema, akacheka kidogo, maana saa hii yeye mwenyewe ni mzee.

Nikaenda kusoma, na kumbe ni ukweli mtupu. Muiri, ambao jina lake la kisayansi ni Prunus africana, hutumika Ulaya kutengeneza dawa ya kuvimba kwa tezi dume, ule ugonjwa unaofanya wazee waamke usiku kila saa kwenda choo. Babu zetu walikuwa wakitumia maganda hayo kitambo. Lakini aliyeyasajili kama uvumbuzi wake, mwaka wa 1966, ni Mfaransa anaitwa Jacques Debat. Kutoka hapo maganda yakaanza kutoka Cameroon, Madagascar na hapa Kenya kwa tani. Ilibidi mkataba wa kimataifa wa CITES uanze kudhibiti biashara hiyo mwaka wa 1995.

Sasa, kuna mti mwingine uliopitia mambo yaleyale, lakini stori yake iliisha tofauti. Na hiyo tofauti ndiyo imenifanya niandike.

Mwaka wa 1962, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Arthur Barclay, alikusanya maganda ya mti unaoitwa Pacific yew kwenye msitu wa jimbo la Washington. Wakata mbao wa huko waliuona kama takataka, walikuwa wanauchoma tu. Ndani ya maganda hayo Monroe Wall na Mansukh Wani walipata kemikali waliyoiita taxol, wakachapisha muundo wake 1971. Desemba 1992 ikaidhinishwa Marekani kutibu saratani ya ovari. Leo hata hapa kwetu wagonjwa wa saratani ya matiti hutibiwa nayo.

Shida ilikuwa ileile ya guka. Ukichuna maganda, umeua mti. Na kupata kilo 1 ya dawa kulihitaji takriban kilo 10,000 za maganda, kutoka kwa mti unaokua polepole sana. Ikawa ni wagonjwa upande huu, msitu upande ule.

Mwaka huohuo wa 1962, Toshio Murashige na mwalimu wake Folke Skoog wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha kitu ambacho wakati huo hakikuhusiana kabisa na huo mti. Ilikuwa ni resipe ya kulisha mmea ndani ya chupa: chumvi za madini, sukari, vitamini na homoni, kwa vipimo kamili. Hiyo ndiyo msingi wa tishu kalcha mpaka leo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1902 Gottlieb Haberlandt alisema kila seli ya mmea inaweza kukua iwe mmea mzima. Alijaribu, seli zake zikakataa kugawanyika. Mwaka wa 1957 Skoog na Carlos Miller wakaonyesha kwamba siri iko kwa uwiano wa homoni mbili: ukizidisha auksini unapata mizizi, ukizidisha saitokinini unapata machipukizi. Mwaka uliofuata F. C. Steward akaotesha karoti kutoka kwa seli tu.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, unakata kipande kidogo cha mmea, unakiosha na dawa ya kuua viini, unakiweka kwa chupa, na kinakupa miche mingi inayofanana na mama yake. Ya pili, hutafuti mche. Unakuza seli peke yake kwenye tangi, na seli zenyewe zinatengeneza dawa.

Njia ya pili ndiyo iliyookoa ule mti wa Marekani. Kwanza watengenezaji walihamia majani ya yew ya Ulaya, ambayo huchunwa bila kuua mti. Kisha wakahamia seli kwenye matangi kule Ujerumani, na mwaka wa 2004 serikali ya Marekani ikaipa kampuni ya Bristol-Myers Squibb tuzo kwa sababu hiyo.

Kwa nini muiri haukupata bahati hiyo? Usiniambie ni kwa sababu Kenya hatujui hii teknolojia. Tangu miaka ya tisini wakulima wetu wamekuwa wakipanda ndizi za tishu kalcha. Pale JKUAT, Juja, miche hiyo hutengenezwa na kuuzwa. Ndizi ilipata maabara kwa sababu ina soko, na mkulima anajua atavuna lini.

Sitawadanganya kwamba chupa inamaliza kila kitu. Miche ya mama mmoja ni nakala, kwa hivyo ugonjwa mmoja unaweza kuifagia yote. Pia si kila seli hukubali kutengeneza dawa ikiwa kwa tangi. Lakini muiri una sababu yake maalum: mbegu zake hazivumilii kukaa, zikikauka haziotiki vizuri. Mti kama huo ndio unahitaji maabara kuliko ndizi.

Maoni yangu ni haya. Taxol ilipata suluhisho kwa sababu waliokuwa wanapata pesa ndio pia waliobanwa maganda yalipokuwa yanaisha. Kwa muiri, pesa ilienda ng'ambo na hasara ikabaki Nyeri. Wanunuzi walikuwa na msitu mwingine wa kuhamia, kwa hivyo hawakuwa na haraka. Haraka inafaa kuwa yetu: vyuo vyetu, kaunti za milimani, na sisi tunaosomea bayolojia tukidhani kazi iko kwa hospitali pekee. Na miche ikitoka, aliye na shamba alipwe kwa mkataba, si kwa pesa ya chai kando ya lori.

Nilimuuliza guka kama angepanda muiri tena. Akasema amekuwa akitafuta mche miaka mingi.

Kwenu mti huu mnauita aje, na bado uko?