Mpango wa CFAP

Mpango wa CFAP ulikuwa mpango wa serikali ya Marekani wa kuwalipa wakulima na wafugaji fedha taslimu ili kufidia hasara waliyoipata wakati wa janga la UVIKO-19. Ulitangazwa tarehe 17 Aprili 2020 na Sonny Perdue, aliyekuwa Waziri wa Kilimo.

Chanzo

Mwezi Machi 2020 shule, hoteli na mikahawa ya Marekani ilifungwa, na wakulima wengi wakapoteza wanunuzi wao kwa ghafla. Viwanda vilivyozoea kufungasha maziwa kwa ajili ya shule havikuweza kubadili mitambo kwa siku chache. Hivyo wafugaji wa Wisconsin na majimbo mengine walimwaga maziwa, huku maduka ya mijini yakiwawekea wateja kikomo cha kununua. Wafanyakazi wa machinjio walipoambukizwa, kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe cha Smithfield huko Sioux Falls, South Dakota, kilifungwa, na wafugaji wakabaki na nguruwe wasio na pa kuwapeleka.

Serikali ilitenga dola bilioni 16 za malipo ya moja kwa moja. Kati ya hizo, bilioni 9.5 zilitokana na sheria ya CARES ya tarehe 27 Machi 2020. Dola bilioni 3 nyingine zilikuwa za kununua vyakula na kuwagawia wahitaji.

Awamu ya kwanza

Maombi yalipokelewa kuanzia 26 Mei hadi 11 Septemba 2020 katika ofisi za kilimo za kaunti. Kwa kawaida, zao lilistahili kama bei yake ilishuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili. Malipo yalihesabiwa kwa ratili, kwa kipimo cha nafaka au kwa idadi ya mifugo, na mtu mmoja hakuweza kupata zaidi ya dola 250,000.

Utaratibu huu uliwafaa wenye mazao machache kwa wingi. Haukuwafaa wenye mashamba madogo wanaowauzia majirani, magulio na mikahawa ya mji wao. Mkulima wa namna hiyo huweza kupanda aina 30 za mboga katika ekari chache, naye alitakiwa kuonyesha kiasi cha kila aina. Tena bei iliyopimwa ilikuwa ya soko la jumla la taifa, wakati hasara yake ilikuwa kufungwa kwa mkahawa uliokuwa ukinunua saladi zake.

Awamu ya pili

Awamu hii, ya hadi dola bilioni 14, ilipokea maombi kuanzia 21 Septemba hadi 11 Desemba 2020. Kwa mboga, matunda, maua na miche, hesabu ya ratili iliachwa na mkulima akalipwa asilimia ya mauzo yake ya mwaka 2019: asilimia 10.6 kwa mauzo yasiyofika dola 50,000, asilimia 9.9 kwa sehemu inayofuata hadi 100,000, na kuendelea kupungua hadi 8.8 kwa sehemu inayozidi milioni moja. Aliyeuza mboga za dola 40,000 alipata dola 4,240. Bidhaa zilizosindikwa, kama jamu, hazikuhesabiwa. Hata hivyo haya yalikuwa maendeleo makubwa, kwani daftari la mauzo lilitosha.

Ukosoaji

Kwa kuwa malipo yalifuata ukubwa wa uzalishaji au wa mauzo, mwenye shamba kubwa alipata zaidi. Mwezi Machi 2021 Tom Vilsack, waziri aliyemfuata Perdue, alisema kwamba wakulima Weusi walipata dola milioni 20.8 tu kati ya karibu bilioni 26 zilizokuwa zimelipwa. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kulipa madeni ya wakulima wa makundi yaliyobaguliwa. Wakulima Wazungu waliipinga mahakamani, utekelezaji ukazuiwa mwezi Juni 2021, na kifungu hicho kikafutwa Agosti 2022. Awamu ya pili ya CFAP yenyewe ilifunguliwa tena Aprili 2021 kwa waliokuwa hawajaomba.